Mguu wa Breki

Kazini walimwita Mama Breki. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza, alipokuwa akishuka shimoni kwa mwendo wa kinyonga huku malori mengine yamejipanga nyuma yake. Dereva mmoja mwenye domo, ambaye wenzake walimwita Redio kwa sababu hakujua kunyamaza, akatangaza hewani kila mtu asikie: "Jamani, nani kamkalisha mama huyu juu ya breki?" Watu walicheka wiki nzima. Yeye naye alicheka, lakini mwendo hakuongeza. Miaka tisa baadaye Redio alikuwa ameshagonga mara mbili, na Mama Breki hakuwa amekwaruza hata kioo cha pembeni.

Mgodi wao ulikuwa shimo la wazi. Barabara ilizunguka kwenye kuta za shimo mpaka chini kabisa, ambako mashine za kuchimba, ukizitazama kutoka juu, ungedhani ni vijiko. Upande mmoja wa barabara ulikuwa ukuta wa mwamba, upande wa pili tuta la udongo lililofika kiunoni mwa tairi, na nyuma ya tuta hapakuwa na kitu. Lori lake lilikuwa refu kama nyumba. Ili afike kwenye usukani alipanda ngazi yenye vidato kumi na viwili. Kwa zamu moja alishuka na lori tupu na kupanda na mzigo mara ishirini na kitu. Saa kumi na mbili, kiti kile kile.

Na mambo yalianzia kwenye kiti. Kilikuwa kiti cha kunesa, chenye mfuko wa upepo chini yake, lakini mfuko ulipasuka na kiti kikakaa juu ya chuma. Aliripoti mara tatu, na mara tatu akajibiwa kwamba kipuri kimeagizwa. Wakati huo huo greda la kusawazisha barabara lilikuwa limelala gereji, kwa hiyo barabara ilijaa mashimo na mawe yaliyodondoka kutoka kwenye malori. Kila jiwe alilolikanyaga lilipita kwenye tairi, likapita kwenye kiti, likamfika yeye kiunoni.

Mwanzoni yalikuwa maumivu ya kawaida, yale ambayo kila dereva anayo na kila dereva anayafanyia mzaha. Walishuka kwenye malori wamepinda kama misumari iliyogongwa vibaya, wakanyooka taratibu, wakaulizana, "Leo umeamka na kiuno cha nani?" Mama Breki alimeza vidonge vya duka, akajifunga shuka kiunoni chini ya ovaroli, akajikaza kisabuni.

Halafu maumivu yakahama. Yalishuka kutoka kiunoni, yakapita tako la kulia, yakateremka nyuma ya paja mpaka kwenye kisigino kama waya wa moto. Hayo nayo akayavumilia. Kilichomtia hofu ni siku maumivu yalipopungua. Alikuwa amekaa kibarazani akinawa miguu, akaona povu la sabuni limejaa kwenye kidole kidogo cha mguu wa kulia, na hakukumbuka kukisugua. Akakisugua tena huku anakitazama. Mkono ulihisi kidole, ila kidole hakikuhisi mkono.

Mume wake alikuwa fundi seremala, mtu mpole asiyeuliza jambo mara mbili. Mama Breki hakumwambia. Hakumwambia mtu yeyote, na sababu ilikuwa dereva mmoja mzee waliyemwita Gunia. Gunia alikuwa ameripoti mgongo wake mwaka uliopita, kwa uaminifu, kwa mdomo wake mwenyewe. Walimpongeza, wakamweka kazi nyepesi ya kuhesabu matairi, na baada ya miezi miwili kazi nyepesi ikaisha na Gunia akaisha nayo. Tangu hapo, kila mwaka madereva walipopimwa afya, kwenye swali la maumivu ya mgongo wote waliandika hakuna. Ungesoma karatasi zile ungedhani mgodi mzima unaendeshwa na watoto wachanga.

Mwezi wa tatu ganzi ilikuwa imefika kwenye unyayo. Siku moja ya mapumziko, mchana, nyumba ikiwa tupu, Mama Breki alifunga mlango, akachukua sindano ya kushonea, akakaa kitandani na kuuweka mguu wa kulia juu ya goti la kushoto. Akajichoma kidogo kwenye kidole gumba. Aliruka, kidole gumba kilikuwa hai. Akasogea. Katikati ya unyayo alihisi kama mtu anagonga mlango wa jirani. Upande wa nje, kutoka kidole kidogo mpaka kisigino, hakuhisi kitu. Akachoma tena, kwa nguvu zaidi, akaona tone la damu likichomoza, jekundu, zuri, kama la mtu mwingine.

"Mama, unafanya nini?"

Binti yake alikuwa mlangoni na mkoba wa shule begani. Hakuwa amemsikia akiingia.

"Mwiba," alisema. "Nimekanyaga mwiba."

"Mbona hulii? Mimi sindano tu ya kutoa funza ningepiga kelele mtaa mzima ukusanyike."

"Mimi ni mkubwa."

Binti alimtazama mama yake, akatazama matone matano ya damu yaliyojipanga unyayoni, akaenda kubadilisha sare. Jioni ile fundi seremala alikuja kukaa karibu na mke wake, akashika ule mguu, akaupapasa kama anavyopapasa ubao kutafuta ufa.

"Mama watoto, hapa unanisikia?"

"Nakusikia."

"Na hapa?"

"Hapo pia."

Mume alikuwa ameondoa mkono kabla ya kuuliza swali la pili. Hakumwambia hivyo. Alisema tu, "Nenda kwa daktari," naye akasema ataenda, na wote wawili wakajua kwamba haendi.

Kuanzia hapo hofu ikawa ndiyo abiria wake. Alianza kuendesha kwa macho. Kila kona alitupa jicho chini kuona kiatu kiko wapi, juu ya breki au juu ya mafuta, maana unyayo haukumpa tena habari. Kumbe dereva hajui ni mambo mangapi anaambiwa na mguu wake mpaka mguu unyamaze: kwamba pedali imeanza kushika, kwamba imefika nusu, kwamba kuna tope kwenye soli. Yeye sasa alikuwa anakanyaga na kusubiri lori limwambie. Kwa lori tupu la tani zaidi ya mia, kwenye mteremko, kusubiri huko kulikuwa kama sekunde moja. Katika sekunde hiyo alikuwa anakufa na kufufuka, mara ishirini na kitu kwa zamu.

Alijua kabisa hatari si yake peke yake. Chini ya shimo kulikuwa na watu wanaotembea kwa miguu: wapima ardhi na vijiti vyao, mafundi, wachukua sampuli. Alishika desturi ya kuwahesabu kutoka juu kabla ya kushuka. Saba. Tisa. Leo watano. Anawahesabu, na bado anatia gia na kushuka. Mwenyewe alikuja kusema kwamba hilo ndilo lilimtisha kuliko yote, jinsi mtu anavyoweza kujua na akashuka tu.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya jua, saa nne hivi. Gari la maji lilikuwa limetoka kumwagia barabara ili kupunguza vumbi, na udongo uliloa ukawa unateleza. Mama Breki alikuwa akishuka na lori tupu safari ya saba. Alipotokeza kwenye kona ya tatu akaona pikapu nyeupe ya wapima ardhi imesimama mbele yake, upande wa ukutani, milango wazi, na watu wawili wameinama wanachomeka kibendera kando ya barabara.

Alikanyaga breki.

Injini ilinguruma. Lori halikupungua, liliruka mbele. Akakanyaga zaidi, na lori likaongeza mwendo zaidi, na hapo tu ndipo alipotazama chini. Kiatu chake kilikuwa kimekaa sawasawa juu ya pedali ya mafuta, kimetulia. Aliuambia mguu utoke, nao haukutoka. Akainama, akashika suruali ya ovaroli kwenye goti, akaunyanyua mguu wake kwa mkono kama anahamisha gogo, na kwa mkono wa pili akavuta kishikio cha breki kilicho kando ya usukani. Matairi ya nyuma yalikaza. Lori likaanza kuteleza juu ya tope.

Wapima walikuwa wamenyanyuka sasa. Aliona nyuso zao waziwazi, vinywa vimefunguka, na hakuna hata mmoja aliyekimbia. Ukutani kulikuwa na pikapu na watu. Upande wa pili kulikuwa na tuta. Akazungusha usukani kuelekea kwenye tuta.

Tairi la mbele lilipanda tuta, likalitafuna, likafika juu yake, na lori likasimama limeinua pua. Vumbi na udongo vilipokwisha kuanguka, Mama Breki alitazama kupitia kioo cha mbele akitafuta barabara. Hakuona barabara. Aliona upande wa pili wa shimo, mbali, na kati yake na huko ilikuwa hewa tupu.

"Mama Breki, Mama Breki, ongea." Ilikuwa sauti ya Redio, lakini bila mzaha hata chembe. Alikuwa nyuma yake kwa kona moja na aliona kila kitu. "Dada, ongea nami."

Kidole kilikataa kubonyeza kitufe. Alijaribu mara tatu.

"Nipo."

"Usishuke. Usiguse kitu chochote, hata pua usijikune. Nimeita katapila lije likuvute kwa nyuma. Unanisikia?"

"Wale watu?"

"Wazima. Mmoja amekaa chini anacheka, sijui analia. Wazima, dada."

Dakika arobaini alikaa hivyo, mikono miwili kwenye usukani, akisikiliza udongo ukidondoka kidogokidogo kutoka chini ya tairi na kuchukua muda mrefu mno kufika chini. Walipomvuta na lori likakaa sawa, alishindwa kushuka ngazi. Redio alipanda, akamtangulia kushuka, akawa anakishika kiatu chake cha kulia na kukiweka kwenye kila kidato, kidato kwa kidato, wote kumi na viwili, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na la kusema.

Ofisini kwa msimamizi Mama Breki alimkuta fundi wa breki amekaa kwenye benchi. Fundi huyo ndiye aliyelikagua lori alfajiri na kuweka sahihi kwamba ni zima. Alikuwa ameshika kofia yake ngumu kwa mikono miwili. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alimvutia kiti, akamwagizia maji, akachukua kalamu.

"Breki zilikukatalia, siyo mama? Hiyo hutokea. Tuandike hivyo, upumzike siku tatu, urudi."

Fundi aliinua macho. Angesema nini? Neno lake dhidi ya la dereva wa miaka tisa ambaye hajawahi kukwaruza kioo.

Mama Breki alikunywa maji yote. Njia ilikuwa imefunguliwa mbele yake, pana. Aseme ndiyo, fundi afukuzwe, aende nyumbani kwake akawaeleze wanawe, yeye apumzike siku tatu. Kisha siku ya nne apande tena vidato kumi na viwili, akae, atazame chini, ahesabu watu. Baadaye watu walimsifu kwa ujasiri wa saa ile, naye hakuzikubali sifa hizo. Alisema hakukuwa na ujasiri wowote. Ilikuwa hofu tu. Alikiogopa kile kiti kuliko alivyoogopa kukosa kazi.

"Breki ni nzima," alisema. "Mguu ndio mbovu. Una miezi mitano."

Msimamizi aliweka kalamu chini. "Unajua unachokisema, mama?"

"Najua. Niandikie hivyo hivyo, na uandike na kiti."

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa. Alimpima kwa nyundo ndogo, akamwambia asimame kwa ncha za vidole. Mguu wa kushoto ulimnyanyua. Wa kulia ulikaa chini kama haukuambiwa. Wakampiga picha ya mgongo, na daktari akamwonyesha: kati ya mfupa na mfupa kuna kijaladi laini kama mto wa kulalia, na mto mmoja wa kwake ulikuwa umepasuka na ujiuji wake umetoka nje, umeulalia mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni.

"Ni mtikisiko wa miaka mingi," alisema daktari. "Tunaweza kuusafisha huo ujiuji kwa upasuaji."

"Na mkikosea?"

"Kila upasuaji una hatari zake, mama. Siwezi kukudanganya."

"Basi nitavumilia."

Daktari hakubishana naye. Alivua miwani. "Sawa. Lakini nisikilize vizuri. Ukiona haja ndogo inagoma kutoka, au inatoka bila wewe kujua, au ganzi imekuja mahali unapokalia, usisubiri kesho. Usisubiri hata chai ichemke. Njoo."

Alirudi nyumbani akalala chali sakafuni kwenye mkeka, kwa sababu kitanda kilibonyea, na kwa wiki mbili akaishi na sentensi ile. Kila alipokwenda msalani alingoja kuona kama haja itatoka. Alijipima kwa kujifinya. Alisikia mwili wake wote kama anavyosikia injini ngeni, kila mlio ni tatizo. Aliona magurudumu ya kiti cha wagonjwa kila alipofumba macho. Mume wake alihamishia meza yake ya kazi karibu na dirisha ili amwone, na kila baada ya mbao mbili tatu alisimamisha randa na kuuliza, "Upo?"

"Nipo, baba watoto. Niende wapi?"

Siku ya kumi na tano, asubuhi, kabla binti hajaenda shule, Mama Breki aliingia msalani na hakutoka. Haja ndogo haikuja. Alisukuma, akasubiri, akafungua bomba ili sauti imsaidie, kama wanavyofanyiwa watoto. Kisha akagundua kwamba hahisi ubaridi wa choo alichokalia. Akajigusa. Mkono ulihisi ngozi, ila ngozi haikuhisi mkono.

Alitaka kuita, sauti ikatoka kama ya kuku. Binti ndiye aliyeisikia.

"Mwite baba yako," alisema kupitia mlangoni. "Mwambie ile siku imefika."

Fundi seremala hakungoja gari la wagonjwa. Aling'oa mlango wa kabati aliokuwa akiupiga msasa, wakamlaza juu yake, yeye na jirani na binti, wakampandisha nyuma ya gari dogo la mizigo la jirani. Barabara ya mtaani ilikuwa na mashimo. Kila shimo binti alikuwa akisema "Pole mama, pole mama," akimshika mabega yasitikisike, na Mama Breki alitazama mawingu yakipita na kuwaza kwamba amepandisha mamilioni ya tani za mawe, na sasa yeye ndiye mzigo.

Saa sita mchana alikuwa chumba cha upasuaji. Kitu cha mwisho alichomuuliza daktari kilikuwa, "Nikiamka nitajuaje?"

"Nitakukanyaga," alisema daktari. "Ukinitukana, tumefaulu."

Alipoamka hakumtukana. Alilia, kwa sababu daktari alimfinya kidole kidogo cha mguu na akahisi kama jambo linalotokea mbali, lakini linatokea kwake. Haja ndogo ilikaa siku sita kabla ya kurudi, siku sita za mpira wa mkojo na mfuko wake, na ndizo alizozikumbuka kwa woga kuliko hata lile tuta. Ilirudi. Mguu haukurudi wote. Upande wa nje wa unyayo umebaki kimya mpaka leo, na anavaa kifaa cha plastiki ndani ya kiatu ili mguu usiburuze.

Kuhusu kazi, aliwekwa kwanza nyumbani kwa muda mrefu bila jibu, na kila simu ilipolia alidhani ni habari ile ile aliyopewa Gunia. Pengine ingekuwa hivyo, kama si wapima ardhi wawili. Walikwenda kwa meneja wenyewe, bila kuitwa, wakaeleza walichokiona pale kwenye kona, na upande upi wa barabara usukani ulizungushwa. Fundi wa breki alikwenda nao, na mkononi alikuwa na orodha ya malori tisa ambayo viti vyake havina upepo.

Viti vilibadilishwa, ingawa si vyote. Greda lilitoka gereji. Naye akapewa kazi kwenye chumba cha mawasiliano juu ya shimo, ambako anaelekeza malori kwa redio: nani ashuke, nani asubiri. Anakaa nusu saa, anasimama nusu saa. Meneja alipomwambia awaulize madereva juu ya maumivu alikataa kuwauliza hewani, ambako kila mtu anasikia. Aliomba apewe dakika ishirini kabla ya zamu, mlango umefungwa, mtu mmoja mmoja. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili alikuja Redio, akasimama dirishani akipiga porojo kuhusu mpira, mvua na bei ya viatu, mpaka Mama Breki akamkata kauli.

"Umekuja kuniambia nini?"

Redio aliingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Ni bega," alisema. "Na mkono. Usiku naamka haupo, dada. Mkono. Nautafuta kitandani kama nimepoteza kitu." Akajaribu kucheka. "Wataniondoa?"

"Sijui," alisema Mama Breki. Hakutaka kumdanganya. "Kaa. Ni upande gani?"

Baada yake walikuja kumi na mmoja. Baadhi walipumzishwa na kurudi, wawili walihamishiwa kazi nyingine, na mmoja aliachishwa, jambo lililowafanya wengine waache kuja kwa mwezi mzima. Mama Breki alipigana kwa ajili ya yule mmoja na hakushinda. Bado malori yanashuka. Bado anawahesabu watu walio chini kabla ya kutoa ruhusa, na lori likichelewa kutokeza kwenye kona ya tatu anabonyeza kitufe na kuliita kwa namba yake, mara moja, mara mbili, mpaka dereva ajibu.

Leo mchana, namba kumi na nne ilichukua muda kujibu, na alipoita mara ya tatu ndipo dereva akasema, "Nipo."